Je, wajua kwa nini kioo cha kompyuta mpakato huingia giza baada ya kupandisha mfumo?

Mtu hufika kwa fundi Kariakoo na kueleza kwamba jana usiku kompyuta yake mpakato ilikuwa nzima, akaruhusu mfumo upandishwe toleo, mashine ikajizima na kujiwasha, na tangu hapo kioo ni cheusi ingawa feni inasikika ikizunguka. Si ajabu akaambiwa anunue kioo kipya. Ushauri huo ni wa gharama, na katika hali kama hii aghalabu si sahihi, kwa kuwa programu iliyopakuliwa haipasui kioo wala haikati waya. Kilichobadilika ni mtoa amri wa kioo.

Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyowekwa kiwandani ndiyo hukiwasha kioo kwanza na kuonyesha nembo ya mtengenezaji. Baada ya sekunde chache kazi hiyo hukabidhiwa mfumo endeshi, uwe Windows au Ubuntu, nao huitegemea draiva, yaani programu inayojua namna ya kuongea na kadi ya picha: ni nukta ngapi zichorwe, picha iburudishwe mara ngapi kwa sekunde, na taa iliyo nyuma ya kioo iwake kwa nguvu gani. Toleo jipya la mfumo huja na kiini kipya, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayosimamia vifaa vya mashine, na draiva iliyotengenezwa kwa kiini cha zamani inaweza kukataa kufanya kazi nacho. Kwenye Linux, familia ya mifumo ambayo Ubuntu ni mojawapo, kwa mfano, draiva ya kadi za picha za kampuni ya Nvidia huwa na sehemu ambayo lazima ilingane na kila kiini kipya. Umeme ukikatika na betri imechoka katikati ya kupandisha mfumo, sehemu hiyo inaweza kubaki haijakamilika.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji bisibisi. Washa mashine na uangalie nembo. Ikitokea safi, kisha giza likaingia mfumo unapoanza, kioo na waya wake karibu hakika ni vizima. Kama giza limeshaingia, zima taa za chumbani na umulike kioo kwa tochi ya simu kwa mshazari, ukikaribia kabisa: ukiona kwa mbali kivuli cha maandishi au alama ya kipanya, basi picha ipo na kilichozimika ni taa ya nyuma tu. Unaweza pia kuiunganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI, uone kama picha inatokea huko.

Wakati mwingine kioo huwaka, lakini picha imetanuka. Hapo mfumo umekosa draiva yake na kutumia ile ya msingi, labda kwa nukta 1024 kwa 768 kwenye kioo cha 1366 kwa 768, hivyo kila duara hupanuka kwa theluthi moja na kufanana na yai lililolazwa.

Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, ili draiva ya picha ianzishwe upya. Isiposaidia, ingia kwa hali salama (Safe Mode), ambamo Windows huwaka kwa draiva za msingi tu, urudishe draiva ya awali au usakinishe ile ya mtengenezaji wa mashine yako. Aliyetoka Windows 10 kwenda Windows 11 kwa kawaida ana siku 10 za kurudi nyuma, kwa hiyo asikae wiki mbili akisubiri nafasi ya kwenda mjini. Kwenye Ubuntu, fungua menyu ya kuwashia na uchague kiini cha zamani, ambacho kwa kawaida huwa bado kimehifadhiwa. Kikigoma, ongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia. Picha itakuwa duni, lakini itakutosha kuingia ndani na kusakinisha draiva sahihi.

Ikiwa hata nembo haionekani ilhali televisheni inaonyesha picha, au ikiwa mistari ya rangi hutokea tangu sekunde ya kwanza na kubadilika unapofungua na kufunga kifuniko, shuku waya unaopita kwenye bawaba au kioo chenyewe. Hapo fundi wa Kariakoo ana kazi ya kweli, na mwombe aukague huo waya kwanza kabla hujalipia kioo.