Si kila kitu cha plastiki kiko Sura ya 39

Waagizaji wengi huamini kwamba kitu kikishakuwa cha plastiki, namba yake ya forodha lazima ianze na 39. Imani hiyo ina msingi: Sura ya 39 ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa ndiyo ya plastiki, na sahani au ndoo ya nyumbani huangukia humo, kwenye 3924.

Lakini chukua mswaki. Mpini ni plastiki, nyuzi zake mara nyingi ni nailoni, ambayo nayo ni plastiki. Bado namba yake ni 9603, pamoja na brashi na mifagio. Kiti cha plastiki kiko 9401, mwanasesere 9503, ndala Sura ya 64. Hapo kazi ya kitu imeshinda malighafi yake.

Ukitaka kuhakikisha, fungua kitabu cha ushuru wa forodha usome maelezo ya mwanzo wa Sura ya 39, hasa la 2, linalotaja bidhaa zisizohusika na sura hiyo. Wengi huruka ukurasa huo, na inasikitisha, maana ndio wenye jibu. Kumbuka pia: tarakimu 6 za kwanza ni za wote wanaotumia mfumo huu, zinazofuata kila nchi hujiongezea, kwa hiyo usinakili hivihivi namba ndefu ya muuzaji wa ng'ambo.