Vipandikizi vya meno kwa aliyezaliwa akikosa meno mengi: maswali na majibu

Mwanangu ana miaka 10 na meno mengi ya ukubwani hayajaota. Yamechelewa tu, au hayapo kabisa?

Jibu la uhakika hutolewa na picha ya eksirei ya mataya yote mawili, kwa sababu jino lililochelewa huonekana likiwa bado ndani ya mfupa, na lisilokuwepo halionekani popote. Kukosa jino moja au mawili ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Anayekosa meno 6 au zaidi ya ukubwani, bila kuhesabu magego ya mwisho, huitwa mwenye oligodontia, na huyo daktari humuuliza pia kuhusu nywele, ngozi na jasho. Mtoto mwenye meno machache yaliyochongoka, nywele haba na mwili usiotoa jasho huenda ana displasia ya ektodami, hali ya kurithi ambayo humweka katika hatari kubwa wakati wa joto kali, na mzazi anapaswa kulijua hilo mapema.

Kuna swali jingine ambalo katika Afrika Mashariki ni lazima liulizwe: je, mtoto alipokuwa mchanga alikatwa fizi ili kutolewa yale yanayoitwa “meno ya plastiki”? Yanayotolewa pale ni chonge changa za utotoni, na kisu hicho huweza kuharibu hata chonge za ukubwani zinazoanza kujengeka chini yake. Hilo ni jeraha, si maumbile, na nasisitiza kwamba kukata fizi hakutibu homa wala kuharisha.

Je, mama alikosea jambo wakati wa ujauzito?

Kwa kawaida, hapana. Mara nyingi chanzo ni mabadiliko katika jeni zinazoongoza ujengekaji wa meno, miongoni mwake MSX1, PAX9, WNT10A na EDA.

Kipandikizi ni nini hasa?

Ni skrubu ndogo, kwa kawaida ya titani, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya na kuachwa kwa miezi 3 hadi 6 ili mfupa uishike, kisha jino la bandia hufungwa juu yake. Tabia hiyo ya mfupa kuishika titani ilichunguzwa na Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, ambaye mwaka 1965 alimtibu Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya na kukosa meno. Larsson aliendelea kutumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006. Kwa hiyo tiba hii tangu mwanzo imewahusu watu waliozaliwa na upungufu huu, si wazee waliong'oka meno peke yao.

Kwa nini basi mwanangu asiwekewe sasa?

Kwa sababu taya lake bado linakua. Jino la asili husogea pamoja na mfupa kadiri uso unavyorefuka, lakini kipandikizi kimeshikwa na mfupa moja kwa moja na hakisogei. Kikiwekwa mapema, baada ya miaka michache jino lake huonekana fupi, limezama chini ya yale ya jirani, na kulirekebisha ni kazi ngumu kuliko kungoja. Ndiyo maana madaktari wengi husubiri ukuaji ukome, yaani karibu na miaka 18 kwa wasichana na baadaye kidogo kwa wavulana, na huthibitisha kwa kulinganisha picha zilizopigwa kwa nyakati tofauti badala ya kutegemea umri pekee. Mtoto asiye na jino hata moja katika taya la chini huweza kuwekewa vipandikizi vichache mbele ya taya hilo mapema zaidi, lakini huo ni uamuzi wa jopo la wataalamu.

Asubiri bila matibabu miaka yote hiyo?

Hasha. Miaka hiyo ndiyo inayoamua mengi. Meno ya utotoni yasiyo na jino la ukubwani la kuyarithi yatunzwe na yasing'olewe ovyo, maana mengine hudumu hadi utu uzima na huhifadhi mfupa. Mtoto huweza kuvaa meno ya bandia ya kuvua tangu akiwa na miaka 3 au 4, yakibadilishwa anavyokua, na meno yaliyochongoka yakajazwa yapate umbo. Baadaye waya za meno huyapanga yaliyopo ili nafasi zikae panapofaa.

Nimeambiwa mfupa wangu ni mwembamba. Je, nimekosa nafasi?

La. Sehemu ya taya inayobeba meno hujengeka pamoja nayo, hivyo pasipoota jino mfupa hubaki mwembamba. Daktari huweza kuongeza mfupa uliochukuliwa kwenye kidevu, nyuma ya taya au nyonga, kisha kusubiri miezi kadhaa. Tena si kila pengo linahitaji skrubu yake: vipandikizi 4 hadi 6 huweza kubeba meno ya taya zima.

Vitadumu?

Kwa watu wazima wenye afya, zaidi ya 90 kati ya 100 huwa bado imara baada ya miaka 10. Uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa na uchafu unaoachwa kuzunguka fizi ndivyo huviangusha. Kabla ya kuondoka kliniki, omba karatasi yenye jina la kampuni na kipimo cha kila kipandikizi, kwa kuwa vifaa vya kukifungulia hutofautiana, na daktari atakayekihudumia baada ya miaka 15 huenda asiwe yule aliyekiweka.