Je, wajua: mshipa wa shingo ukibana, damu inakimbia zaidi?

Mjomba wangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na maneno hayatoki vizuri, tukatumwa kupima shingo kwa ultrasaundi. Nimekaa pembeni naskia mpimaji anamwambia mwenzake spidi ya upande wa kushoto iko juu sana. Mimi huyo nikamwambia mjomba usijali, damu inapita freshi. Kumbe hiyo ndo ilikuwa habari mbaya yenyewe.

Shingo inaingiaje? Viharusi vingi ni vya mshipa kuziba, sio kupasuka (CT skani, picha ya ndani ya kichwa, ndo inatofautisha), na chanzo kimojawapo ni mafuta yanayoganda pale mshipa mkubwa unapogawanyika, chini kidogo ya taya. Kidonge cha damu iliyoganda kinabanduka pale, kinapanda ubongoni. Mshipa wa kushoto unalisha nusu ya kushoto ya ubongo, ambayo inaendesha mkono wa kulia na, kwa watu wengi, kuongea.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nawaza foleni, njia ikiwa nyembamba basi mwendo unapungua. Lakini magari yanaweza kusimama yakarundikana nyuma, damu haina pa kurundikana, moyo unaendelea kusukuma na kiasi kilekile kinatakiwa kipite kwenye kitundu kidogo, kwahiyo inabidi ikimbie. Chukua mpira wa kumwagilia maua, bana mdomo wake kwa dole gumba, maji yanaruka mpaka kwa jirani. Hukuongeza maji hata tone, umebana tu.

Mashine inatuma sauti, inagonga damu na kurudi, na spidi inasomwa kwenye mwangwi huo. Basi likija kwako na honi sauti inakuwa nyembamba, likishakupita inakuwa nzito, na Doppler wa Austria alieleza kanuni hiyo tangu 1842. Hapa, badala ya basi, ni chembe za damu. Kwa vipimo walivyokubaliana wataalamu wa Marekani mwaka 2003, chini ya sentimita 125 kwa sekunde mshipa uko salama au umebana chini ya nusu, ikizidi 230 inahesabiwa umebana asilimia 70 au zaidi, na hapo madaktari wanaanza kuongelea kuusafisha kwa upasuaji, ikiwezekana ndani ya wiki mbili tangu kiharusi. Ila namba sio msahafu: pembe ya kushika kifaa ikikosewa spidi inadanganya, na mafuta yakishakuwa magumu kama chokaa yanatupa kivuli, nyuma yake huoni kitu.

Halafu kuna kituko ninachokipenda.  Mshipa ukikaribia kuziba kabisa, kile kiasi kilekile hakipiti tena, damu inachuruzika tu na spidi inashuka, namba inaweza kufanana na ya mtu mzima wa afya, ndo maana lazima picha iangaliwe pamoja na namba. Na ndo maana yule mpimaji alirudia sehemu ileile mara kibao, mimi nikadhani mashine imegoma.