"Bwana miti, miche umeleta?" Dhana potofu kuhusu miombo ya Tabora

Iwe Sikonge, Urambo au Kaliua, sijapewa hata kigoda naulizwa: "Bwana miti, miche umeleta?" Hivi karibuni mzee mmoja alinipeleka kwenye shamba aliloacha kulilima misimu minne, akanilalamikia kwamba hapo hakuna kitu, niwaletee miche. Nilianza kuhesabu machipukizi ya mtundu na muba, miti mikuu ya miombo, yaani misitu yetu ya asili, kwenye eneo la hatua kumi kwa kumi, nikakata tamaa. Yalikuwa mengi mno. Yeye aliyaita vichaka, na kijana wake alikuwa ameshashika jembe tayari kuyang'oa ili miche yangu ipate nafasi!

Dhana: Miombo ikikatwa imekufa, dawa yake ni kupanda.

Hii nimeisikia hadi imenichosha. Uhai wa miombo uko chini. Angalieni mwezi Septemba: tone la mvua bado, ardhi imepasuka, lakini mtundu umeshavaa majani yake mekundu. Maji hayo mti umeyatoa wapi kama si kwenye mizizi? Mche wa mninga unaoota wenyewe porini nao hufa sehemu ya juu kila kiangazi, ukachipua tena masika, na huweza kwenda hivyo miaka kumi na zaidi huku ukijenga mzizi tu. Ndipo unaamua kurefuka. Sasa kisiki cha mti uliokatwa jana kina mizizi ya miaka mingi, kimeshamaliza kazi hiyo. Mche wako wa kwenye kiriba unaanza sifuri, na mbele yake kuna miezi sita isiyo na mvua.

Halafu sherehe zenyewe za kupanda miti kitaifa huja mwishoni mwa msimu, wakati mvua za Tabora zinafunga virago. Tunapanda, tunapiga picha, Juni tunahesabu vijiti. Ukitaka kupanda, panda Desemba.

Anayeua miombo kwelikweli ni jembe linalong'oa visiki mwaka hadi mwaka, pamoja na moto wa mwisho wa kiangazi. Jirani zetu wa Zambia walianza kulipima jambo hili Ndola mwaka 1933. Viwanja vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viliishia kuwa nyasi. Vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki na miti. Visivyoguswa na moto vilifunga kuwa msitu mnene. Kwa hiyo anayeniambia "moto ni moto tu, unaleta majani mabichi ya ng'ombe" namjibu kwamba moto wa Mei unapita chini chini, ila wa Septemba unapika chipukizi hadi shinani.

Na kama Ndola ni mbali, Shinyanga ni hapo tu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986 nchi ikiwa imebaki jangwa. Walipanda miti, ndiyo, lakini kilichobeba kazi ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufungia eneo la malisho ili lipumzike. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, sehemu kubwa kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa ardhini muda wote. Wasukuma wa Igunga na Nzega wanaijua ngitili kuliko mimi. Cha ajabu, nao wananiomba miche.

Basi ukikata, kata chini kwa msumeno, mkato uwe wa mshazari maji yasituame, wala usiwashe moto juu ya kisiki. Mwaka wa pili chagua machipukizi mawili au matatu yenye afya, mengine punguza. Mti wa kutosha mkaa utausubiri miaka 20 hadi 30. Sisemi ni haraka. Nasema ni bure, na uyoga mnaouza barabarani masika utarudi nao, maana mwingi unaishi kwa kushikamana na mizizi hiyo hiyo.

Dhana: Mkaratusi unakausha maji, usipandwe kabisa.

Unakunywa sana, kweli, kwa hiyo usiusogeze kwenye chemchemi wala bondeni. Lakini mkulima wa tumbaku ya mvuke mwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto, lazima apate kuni mahali. Bora azipate kwenye mikaratusi yake mlimani kuliko kwenye msitu wa kijiji.

Dhana: Mzinga wa nyuki wa gome ni wa asili, hauna madhara.

Muba uliovuliwa gome kuzunguka shina lote unakufa umesimama. Na muba huo huo ndio nyuki wako walikuwa wanaufuata kwa maua. Tumia mzinga wa mbao.

Dhana: Msitu ni wa serikali, sisi tunalinda tu.

Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake kwenye ardhi yake, kutunga sheria ndogo, na kubaki na ada na faini. Kinachotakiwa kwanza ni mpango wa usimamizi na mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha. Safari ijayo mkiniona nashuka kwenye pikipiki, nionyesheni muhtasari wa mkutano huo wenye sahihi. Miche sitakuwa nayo.