Azimio la Arusha halikupiga marufuku utajiri

Hadi leo utasikia kwamba Azimio la Arusha la 1967, tamko la chama cha TANU la siasa ya ujamaa, lilimkataza Mtanzania kuwa tajiri. Si kweli. Masharti makali yale yalimbana kiongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mume na mke walihesabiwa pamoja, kwa hiyo kuandikisha nyumba kwa jina la mkeo hakukukuokoa. Na kiongozi hakuwa waziri tu. Mbunge na mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati naye alikuwamo.

Mfanyabiashara asiye na cheo hakuguswa na masharti hayo. Duka lake liliendelea, shamba lake pia.

Dhana hii haikuzuka bure, lakini. Mabenki yalitaifishwa siku chache baada ya Azimio. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na hiyo iliwaumiza raia wa kawaida, wengi wao wenye asili ya Asia. Kisha msako wa 1983 wa wahujumu uchumi, yaani watu waliotuhumiwa kuficha bidhaa na kulangua, ukawatia hofu hata wenye duka la mtaani. Matukio hayo matatu, kwa maoni yangu, ndiyo yanayokumbukwa kuliko maandishi ya Azimio lenyewe.

Masharti hayo ya uongozi yalilegezwa mwaka 1991, katika kikao cha chama tawala, CCM, kilichofanyika Zanzibar.