Je, wajua? Polishi haiongezi kitu kwenye gari, inapunguza

Mwulize mtu anayelipenda gari lake polishi inafanya kazi gani, atakujibu kwamba inalipa gari mng'aro. Jibu halina kasoro ya kuonekana: kopo limeandikwa hivyo, fundi anasema hivyo, na jioni gari linang'aa kuliko lilivyokuwa asubuhi. Kutokana na hapo watu hukisia kwamba kuna kitu kimepakwa juu ya rangi, na kwamba kikipakwa mara kwa mara gari litazidi kung'aa na rangi itazidi kulindwa. Hapo ndipo pesa huanza kupotea, na rangi pamoja nazo.

Polishi ni msasa. Ni msasa laini mno, uliosagwa na kuchanganywa na maji na mafuta mpaka ukawa krimu, lakini ni msasa tu. Punje zake aghalabu ni oksidi ya alumini, kitu kilekile ambacho kikijiumba ardhini kwa usafi na kupata rangi ya kupendeza huitwa yakuti na huuzwa kwa karati. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi imekaa juu kabisa kwenye 10, oksidi ya alumini iko kwenye 9. Anayesugua boneti Jumamosi asubuhi analisaga kwa ndugu wa yakuti, na hajui.

Kinachosagwa ni klia. Gari la kisasa hupakwa matabaka: la kwanza kabisa huzuia kutu, na hukamatishwa kwenye bati kwa umeme gari likiwa limezamishwa kwenye tangi, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote klia, ambayo haina rangi. Yote kwa pamoja, kwa magari mengi, ni kama mikroni 100 hadi 150 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani hayafiki hata robo ya milimita. Klia peke yake huwa mikroni 40 hadi 50 hivi. Hiyo ndiyo akiba yote uliyonunua pamoja na gari, na hakuna kopo linaloirudisha.

Kwa hiyo fundi anapokuambia amekuondolea mikwaruzo, msemo ni wa heshima lakini si sahihi. Mkwaruzo ni shimo, na shimo haliondolewi. Alichoondoa ni kila kitu kilichokuwa pembeni yake, mpaka uso wa klia ukashuka hadi usawa wa sakafu ya shimo lile. Mkwaruzo wa kina cha mikroni mbili unalipiwa kwa mikroni mbili za sehemu nzima inayouzunguka. Ukipitisha ukucha na ukakwama, mkwaruzo huo ni wa kina sana. Kuufuata mpaka chini ni kula sehemu kubwa ya klia, na fundi mwenye busara atalainisha kingo zake tu na kuuacha.

Mkanganyiko huu unalishwa na makopo yenyewe. Bidhaa nyingi za dukani zinazoitwa polishi zina punje, mafuta na nta humohumo ndani. Punje husaga kidogo, mafuta na nta hujaza mikwaruzo iliyobaki, gari likatoka zuri sana. Baada ya kuoshwa mara chache kwa sabuni ya unga, mafuta yamekwenda na mikwaruzo imerudi mahali pake. Mwenye gari humlaumu mwosha magari kwa mikwaruzo ambayo ilikuwepo siku zote. Mwosha magari naye si malaika: vumbi letu limejaa madini ya kwatzi, ambayo kwenye kipimo kile cha Mohs ina ugumu wa 7, na kitambaa kimoja kinachotumbukizwa kwenye ndoo moja tangu asubuhi kinasugua vizuri tu, ila hakisugui kwa mpangilio.

Imani kwamba gari linahitaji polishi kila mara haikutoka hewani. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont na General Motors zilileta rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, ikaonekana kwanza kwenye magari ya Oakland, chapa mojawapo ya General Motors, na ikaanza kuvunja zama za Ford Model T iliyouzwa nyeusi tupu kati ya 1914 na 1925. Rangi ile na nyingi zilizoifuata hazikuwa na klia. Jua liliuchosha uso wake mpaka ukawa unga, na polishi iliondoa unga ule na kufikia rangi hai iliyokuwa chini. Kitambaa kilitoka chekundu kama gari ni jekundu. Klia ilienea miaka ya 1980 ikabadilisha hesabu, lakini ushauri wa wazee ukabaki uleule. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, basi ama gari ni la zamani, ama lilipigwa rangi mtaani bila klia, ama klia imekwisha na sasa unasaga rangi yenyewe.

Sasa, inakuwaje kupunguza kitu kukifanye king'ae?

Fikiria mpira wa miguu unaourusha kwa mshazari kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa vizuri. Unajua utadundia wapi. Mwenzako anaweza kusimama pale akausubiri. Urushe hivyohivyo kwenye rundo la kokoto, na hakuna ajuaye utakwenda wapi, kwa sababu kila kokoto ina mteremko wake. Jua, mawingu na ukuta wa jirani vyote vinarusha mipira ya namna hiyo kwenye boneti bila kupumzika. Boneti likiwa sakafu, mipira iliyotoka kwenye ukuta inafika machoni ikiwa imepangana kama ilivyotoka, na wewe unauona ukuta ndani ya gari, pamoja na ufa wake. Boneti likiwa kokoto, mipira ya ukuta, ya wingu na ya jua inachanganyika njiani, na kinachokufikia ni weupe usio na sura. Mng'aro ni mpangilio tu. Mwanga unaorudi unaweza kuwa uleule kwa kiasi.

Ila polishi nayo hukwaruza, maana ni msasa. Basi mbona haiachi kokoto? Inaziacha, lakini ndogo. Ukisaga kokoto zile zikawa mchanga mwembamba na kuushindilia, mpira utadunda vizuri, kwa kuwa punje moja ya mchanga ni ndogo mno kuugeuza. Ukubwa wa kokoto una maana tu ukilinganishwa na ukubwa wa mpira. Kwa mwanga, ukubwa unaohusika ni urefu wa wimbi lake, ambao kwa mwanga tunaouona ni kati ya mikroni 0.4 na 0.7. Mikwaruzo iliyo midogo sana kuliko hapo mwanga hauishughulikii. Mfano wa mpira unafikia kikomo hapa, kwa sababu wimbi si mpira na hesabu zake ni za namna nyingine, lakini mwelekeo ni huo. Ndiyo maana kazi nzuri hufanywa kwa hatua: punje kubwa kwanza, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi, kila hatua ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia na kuacha ya kwake. Gari linalong'aa kuliko yote mtaani limejaa mikwaruzo; ni midogo tu kuliko jicho linavyoweza kuthibitisha.

Jambo lingine, ambalo binafsi naliona la ajabu kuliko lote, ni zile duara zinazoonekana juani kwenye gari jeusi, zimezunguka taswira ya jua kana kwamba mtu amesugua kwa kuzungusha mkono. Watu wengi huamini hivyo, na wengine humkataza kijana asizungushe kitambaa, asugue mbele na nyuma. Duara hizo hazipo. Simama pale, kisha sogea hatua mbili: duara zote zitakufuata, zikizunguka taswira ya jua mahali pake papya. Ukweli ni kwamba mikwaruzo imelala kila upande, ovyo. Lakini mkwaruzo mmoja mwembamba unaweza kukurushia jua machoni ukiwa tu umelala karibu kukingama na mstari unaotoka kwenye taswira ya jua. Iliyolala vinginevyo inarusha mwanga pengine, huioni. Jicho huchagua ile inayofaa, na ile inayofaa, kwa jiometri tu, hujipanga kwa mduara. Kioo cha simu kilichokwaruzika hufanya vivyo hivyo chini ya taa moja. Kusugua kwa mistari iliyonyooka kunaweza kusaidia kidogo, kwa maana mikwaruzo itaonekana ukisimama upande fulani tu, lakini idadi yake haipungui.

Kwa nini gari jeusi hasa? Klia hurudisha kama asilimia 4 tu ya mwanga unaoigonga kutoka juu, na zaidi unapotazama kwa pembe ya chini.  Kwenye gari jeusi, asilimia 96 inayobaki inaingia na kumezwa. Taswira inakaa juu ya giza, na giza hilo ndilo tunaloliita kina. Mwanga kidogo tu wa ovyo kutoka kwenye mikwaruzo unaliharibu, na weusi unageuka kijivu. Gari jeupe limekwaruzika sawasawa na jeusi, ila rangi yake yenyewe inatawanya mwanga mwingi kiasi kwamba mchango wa mikwaruzo unapotea humo. Usinunue gari jeusi lililo chini ya paa la yadi kabla hujaliona juani.

Nta ni habari nyingine kabisa. Hiyo kweli inaongezwa, na haisagi kitu. Iliyo maarufu ni karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa porini wa jamii ya minazi, kaskazini mashariki mwa Brazili, huko Ceará na Piauí. Mti huo huvaa nta ili usikauke kiangazi. Majani hukatwa, hukaushwa na kupigwa, na unga unaoanguka huyeyushwa. Nta hiyohiyo huvishwa vidonge vya hospitali na peremende zinazong'aa. Inayeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 80, na ni ngumu kiasi kwamba ikiwa safi huwezi kuipaka kwenye gari. Lazima ichanganywe na mafuta na viyeyusho. Lile kopo linalodai ni karnauba asilimia 100, basi, lingekuwa tofali.

Tabaka la nta likishasuguliwa kwa kitambaa hubaki jembamba sana. Linajaza mikwaruzo midogo, na kwa kuwa linapindisha mwanga karibu sawa na klia, mwanga unapita kama vile shimo halipo. Linafukuza maji, na linachelewesha kinyesi cha ndege kufika kwenye klia. Wapo wanaoapa kwamba karnauba hutoa mng'aro wenye joto kuliko nta za kiwandani. Huenda, lakini wengi wao hutoa hukumu hiyo wakijua kopo lipi limetumika, na ushahidi wa namna hiyo siuegemei sana.

Na gari jipya? Lililotoka kiwandani limeokwa kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 100, klia imekomaa kabla halijapanda meli. Linaweza kupakwa nta siku unayolichukua. Ule ushauri wa kusubiri mwezi au zaidi ni wa gari lililopigwa rangi gereji, ambako hakuna tanuri la namna hiyo na viyeyusho huendelea kutoka taratibu. Ukiifunika kwa nta mapema unavizuia. Polishi, kwa upande mwingine, gari jipya linaihitaji tu kama limeshakwaruzwa, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa sababu limefutwa vumbi kavu yadini na watu wenye nia njema.

Kwa wengi wetu "jipya" maana yake limeshuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa likiwa limeshatembea miaka kadhaa Japani, na hakuna anayejua limesagwa mara ngapi. Kifaa cha kupima unene wa rangi hujibu sehemu ya swali hilo. Mikroni 110 kila mahali ni dalili nzuri. Mikroni 70 kwenye boneti huku milango ikisoma 110 inaashiria kuna mtu alipenda sana mashine yake ya polishi. Mikroni 300 kwenye mlango mmoja ni rangi ya pili, na mara nyingi kuna ajali iliyofichwa chini yake. Tahadhari: kifaa husoma jumla ya matabaka yote, hakitenganishi klia na mengine, na vya kawaida vinahitaji chuma au alumini chini yake. Kwenye bampa la plastiki havisomi chochote.