Feza ya mkupuo: kwa nini inatoka haraka, na furaha yake inakwenda wapi

Mwaka 2003 na 2004, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kuwalipa mara moja. Hapa Lubumbashi tunaiita hadi leo «départ volontaire», kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa wamemaliza miezi mingi bila kuona mshahara. Ukizungumza na watu wa mitaa yetu ya Katuba ama Ruashi juu ya mambo hayo, hukumu haichelewi: walipewa feza, wakaila, ikaisha. Sisi tunaofundisha wanachama wa koperative ya akiba hatuikubali hukumu hiyo.

Tukumbuke kwanza maisha yalivyokuwa. Tangu enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyotangulia, na baada ya 1967 chini ya Gécamines, mfanyakazi alipata posho ya unga, nyumba, shule ya watoto na hospitali. Mshahara ulikuwa sehemu tu ya maisha yake. Mtu aliyezoea hivyo akakabidhiwa siku moja feza ya kubeba vyote, wakati madeni ya dukani na minervali (ada ya shule) ya watoto vinamngoja mlangoni.

Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya kazi yao kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Waliwapima akili watu walewale mara mbili: kabla ya mavuno, mfuko ukiwa mtupu, na baada ya mavuno, feza ikiwa imeingia. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Akili yao haikuwa imepungua. Ilikuwa imeshikwa na hesabu za deni na chakula. Kwa hiyo anayepokea feza nyingi akitoka kwenye ukosefu huenda anaamua mambo makubwa kichwa chake kikiwa bado kimeshikwa na hesabu hizo.

Jambo la pili limeelezwa na Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017. Kichwani tunagawa feza mafungu, na kila fungu lina sheria zake. Feza ya mshahara tunaiogopa: ni ya unga, ya kodi, ya maji. Feza ya bonasi, ya zawadi, ama ya zamu ya likelemba (mchango wa kupokezana) tunaiona kama imeanguka toka juu, ndiyo maana dola 50 za mshahara zinanunua mfuko wa unga, na dola 50 za bahati zinaishia kwenye bia na nyama choma. (Simkatazi mtu nyama choma.)

Hata sura ya noti ina nguvu. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu anasita kutumia noti moja kubwa kuliko kiasi hichohicho kikiwa noti ndogo. Mama wengi wa soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, wanalifanya hilo bila kufundishwa: dola 100 inakaa nyumbani, safi, isipate hata mpasuko mdogo maana itakataliwa, na franka ndizo zinazotembea. Kweli, kumbukumbu ya zaire, feza yetu ya zamani, iliyooza miaka ya 1990 nayo imo. Lakini noti hiyo ikishavunjwa kwa mbadilisha feza wa barabarani, jioni ni taabu kueleza ilikokwenda.

Na furaha? Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwalinganisha washindi wa bahati nasibu ya Illinois na watu wa kawaida. Washindi hawakuwa na furaha zaidi kwa namna ya kuonekana, na vitu vidogo vya kila siku viliwapendeza kidogo kuliko wenzao. Salon mpya, yaani viti vya sebuleni, inafurahisha. Baada ya miezi michache ni kiti tu.

Utafiti mwingine, wa 2008, uliona kwamba waliopewa feza kidogo wakaitumia kwa ajili ya wengine walimaliza siku na furaha kuliko waliojinunulia kitu. Hapa msomaji wa Lubumbashi atacheka: sisi tunatoa kila juma, kwenye kilio, ndoa, mtoto wa dada. Ila tafiti za baadaye zilionyesha kwamba kutoa kunafurahisha mtu akitoa kwa hiari, si akibanwa. Afadhali kupanga na mwenzako mwanzo wa mwezi kiasi cha familia, kisha kukitoa bila kununa.

Kama unangoja feza ya mkupuo, andika mafungu yake kabla haijafika, siku ambayo kichwa kimetulia kidogo. Deni linalokunyima usingizi lilipwe kwanza. Inayobaki iweke kwenye akiba, ujilipe kidogo kila mwezi kama mshahara. Na kwenye likelemba, omba zamu yako iangukie Agosti, kabla shule hazijafunguliwa.